Sauti ya Memphis na Suala la Mtunzi

Wanaoandika juu ya muziki wa Wamarekani Weusi wamezoea kuitaja miji kana kwamba miji yenyewe ndiyo iimbayo. Husemwa kwamba Detroit ina sauti yake, Philadelphia ina yake, na Memphis, iliyoko kando ya Mto Mississippi katika jimbo la Tennessee, ina yake. Usemi huu una ukweli ndani yake, maana msikilizaji aliyeuzoea muziki wa soul hahitaji kuelezwa. Akisikia mianzo tu ya santuri ya Stax ya mwaka 1965 hujua imetoka wapi. Lakini usemi huohuo unaficha jambo ambalo mhakiki hana ruhusa ya kulipuuza. Mji hauna koo wala vidole. Tunaposema "sauti ya Memphis" tunamtaja nani hasa? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuzitazama nyimbo chache zilizorekodiwa mjini humo baina ya 1960 na 1975. Dai langu ni kwamba mtunzi wa sauti hiyo hakuwa mwimbaji, wala hakuwa "jamii" kwa ile maana pana tunayoipenda katika madarasa yetu ya fasihi simulizi. Alikuwa ni kikundi kidogo cha wapigaji wenye majina yao, waliotunga bila karatasi, katika chumba kimoja, siku baada ya siku.

Swali hili si la Wamarekani peke yao. Sisi tukusanyao nyimbo huandika maneno, tukahesabu mizani na vina, kisha chini ya ukurasa tukaandika kwamba mtunzi hajulikani. Ngoma iliyopigwa pamoja na maneno hayo haionekani ukurasani, na aliyeipiga haonekani hata kidogo. Memphis ni mahali pafaapo pa kuijaribia desturi yetu hiyo, kwa sababu huko utunzi wa mdomo ulifanyika mbele ya mashine ya kurekodi, na majina ya waliokuwapo yamehifadhiwa.

Habari za nyumba yenyewe zinajulikana, hivyo nitazipitia upesi. Mwaka 1957 Jim Stewart, mfanyakazi wa benki aliyekuwa akipiga fidla katika bendi za muziki wa kantri, alianzisha kampuni ndogo ya santuri iliyoitwa Satellite. Dada yake, Estelle Axton, aliweka nyumba yake rehani ili inunuliwe mashine ya kurekodi. Mwaka 1960 walihamia katika jumba kuukuu la sinema lililoitwa Capitol, katika barabara ya McLemore, na mwaka uliofuata jina la kampuni likabadilishwa kuwa Stax, yaani herufi mbili za Stewart na mbili za Axton. Viti viling'olewa, sakafu ikaachwa na mteremko wake. Pale palipokuwa pakiuzwa peremende Bi. Estelle akafungua duka la santuri, na vijana wa mtaani walioingia kununua wakawa ndio hadhira ya kwanza ya nyimbo nyingi, kwani alikuwa akiwapigia kazi ambayo haijatoka bado na kutazama kama wataipenda. Nawaomba wasomaji waikumbuke hadhira hii. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta mmoja na fanani, nayo ilikuwa na neno katika kazi.

Sasa tuwatazame waimbaji. Otis Redding alitoka Georgia, katika mji wa Macon. Sam Moore na Dave Prater walikutana Miami. Eddie Floyd na Wilson Pickett walizaliwa Alabama na kuanza kazi yao Detroit. Al Green, ambaye baadaye alikuwa kana kwamba ndiye Memphis yenyewe, alizaliwa Arkansas akakulia Michigan. Kwa upande wa pili, Aretha Franklin alizaliwa Memphis mwaka 1942, lakini alikulia Detroit, na santuri zilizompa jina la malkia alizirekodi New York akisindikizwa na wapigaji wa Muscle Shoals, Alabama. Wala hakuna aiitaye kazi yake sauti ya Memphis. Ni kweli kwamba Rufus Thomas, binti yake Carla, na William Bell walikuwa watu wa mji huo. Lakini kama udongo ndio unaozaa sauti, basi udongo wa Memphis ulikuwa na tabia ya ajabu ya kuwapa wageni na kuwanyima wenyeji.

Walioshinda chumbani ni wengine. Booker T. Jones alipiga ogani, Steve Cropper gitaa, Al Jackson mdogo ngoma, na Lewie Steinberg gitaa la besi, hata katikati ya miaka ya sitini Donald Dunn alipochukua nafasi yake. Pamoja nao walikuwapo wapuliza ala, hasa Wayne Jackson wa tarumbeta na Andrew Love wa saksofoni. Mwimbaji alifika, akarekodi, akaenda zake safarini, hawa walibaki. Mwezi Julai 1965 santuri kubwa ya Redding iitwayo "Otis Blue" ilirekodiwa karibu yote ndani ya muda wa siku moja, na kazi ilisimamishwa usiku kwa sababu wapigaji walikuwa na dansi za kupiga kwingineko. Waliporudi waliendelea walipoachia. Kasi kama hiyo haiwezekani ila kwa watu waliokwisha kujengana masikio.

Namna yao ya kutunga inatuhusu moja kwa moja. Hapakuwa na noti zilizoandikwa na kugawiwa kama ilivyokuwa Detroit, ambako kampuni ya Motown ilikuwa na wapangaji wa muziki wenye kalamu. Mtu alikuja na kipande cha mahadhi na beti mbili tatu, wenzake wakakizunguka, wakajaribu hiki na kile mpaka kikakaa. Katika miaka ya mwanzo mashine ilikuwa ya mkondo mmoja tu: wote walipiga kwa pamoja, na mmoja akikosea wote wanaanza upya. Pasidhaniwe kwamba ulikuwa ni upungufu wa elimu. Booker T. Jones alikuwa akisomea muziki katika Chuo Kikuu cha Indiana katika miaka hiyohiyo, akahitimu mwaka 1966. Aliijua noti vizuri kuliko wengi wetu tunavyoijua. Aliporudi McLemore aliiweka kando. Tumezoea kuifasili fasihi simulizi kwa kile inachokikosa, yaani maandishi, tukasahau kwamba mtu aweza kuyajua maandishi na bado akaona kwamba kazi fulani hayaihitaji.

Redding mwenyewe alizitunga sehemu za ala za kupuliza kwa kinywa. Aliwaimbia wapuliza ala kila mmoja sehemu yake, silabi kwa silabi, nao wakazirudisha kwa shaba. Mwaka 1966 alitoa wimbo ulioitwa "Fa-Fa-Fa-Fa-Fa (Sad Song)", na jina hilo si upuuzi kama linavyoweza kuonekana likichapwa, kwa kuwa hizo ndizo silabi za tarumbeta ambazo mwimbaji amejitwalia na kuziimba mwenyewe.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha fani ya Memphis, nalo ni kiitikio. Katika kanisa la Wamarekani Weusi mhubiri husema na waumini huitika. Detroit waliuchukua utaratibu huo kama ulivyo: nyuma ya mwimbaji huwako waitikiaji, kama wale wanawake wa The Andantes, wanaoyarudia maneno yake au kuyakamilisha. Stax, katika nyimbo zake nyingi zilizo bora, hapana waitikiaji wa kibinadamu. Nafasi yao wamepewa ala za kupuliza. Tofauti yaweza kuonekana ndogo, lakini inabadilisha uhusiano wote wa mghani na wanaomjibu. Waitikiaji wenye maneno huweza kulikubali neno; husema ndiyo, umesema kweli. Tarumbeta haiwezi kukubali neno. Huweza tu kuijibu hali ya mtu, uchungu wake, haraka yake, kiburi chake. Mwimbaji anayejibiwa hivyo hana budi kutoa hali nyingi kuliko maneno, na ndiyo maana nyimbo za Redding zikisomwa kimya ni maskini sana. Zimetungwa zijibiwe na chombo kisichojua kusoma.

Mfano wa pili ni kule kucheleweshwa kwa kipigo. Mwezi Mei 1965 Wilson Pickett aliletwa Stax kurekodi "In the Midnight Hour". Cropper alisimulia kwamba Jerry Wexler, mkubwa mmoja wa kampuni ya Atlantic ya New York, aliingia chumbani akawachezea wapigaji mtindo mpya wa vijana, ili waone kwa macho mahali mwili unapoangukia. Jackson na Cropper wakakisogeza nyuma kidogo kipigo cha pili na cha nne, kiasi kidogo mno ambacho noti ya kawaida haina alama yake. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba. Msikilizaji huhisi wimbo unavutwa nyuma, lakini mwendo wenyewe haupungui. Wenzetu wa arudhi watasema kwamba mizani haikubadilika, na watakuwa wamesema kweli, kwani hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali sauti inapotua ndani ya nafasi yake, na hapo kipimo chetu cha mizani hakifiki. Katika ule mjadala mrefu wa ushairi huru na ushairi wa mapokeo, kila upande ulihesabu silabi, mmoja ili uzilinde na wa pili ili uziache. Ni wachache waliouliza silabi inatua wapi.

Lakini kazi ambayo ningependa tukae nayo ni "Try a Little Tenderness". Wimbo huu ulitungwa mwaka 1932 na Waingereza wawili, Jimmy Campbell na Reg Connelly, pamoja na Mmarekani Harry Woods. Bing Crosby aliurekodi 1933; Aretha Franklin aliurekodi 1962; Sam Cooke aliuimba jukwaani 1964. Maudhui yake ni mepesi: mwanamume anapewa nasaha amtendee kwa upole mwanamke aliyechoka. Kwa Crosby ni wimbo wa sebuleni, mtamu, hauna lawama. Ningepewa maneno peke yake ningeyatia katika fungu la mawaidha ya mapenzi na kufunga daftari.

Mwaka 1966 Redding aliurekodi Stax pamoja na Jones, Cropper, Dunn na Jackson, na Isaac Hayes akishiriki katika kuupanga. Unaanza kwa ala za kupuliza peke yake, polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza. Redding anaingia kwa sauti ya chini, anayavuta maneno, hana haraka yoyote; ni mtu mzima anayempa kijana wasia. Kisha Jackson anaanza kugonga ukingo wa ngoma yake, gonga hafifu, kavu, isiyobadilika, inayokwenda kasi mara mbili ya mwendo wa mwimbaji. Ni mfano wa saa ya ukutani katika nyumba yenye mgonjwa. Jambo hili halimo katika maneno ya 1932 wala halimo katika mahadhi yake. Mwimbaji anahubiri subira, na nyuma yake ngoma inahesabu muda unaokwisha. Wasia na saa vinakwenda sambamba beti nzima, kila kimoja kikikikanusha kingine, na msikilizaji anaanza kutambua kwamba kimojawapo hakina budi kushindwa. Kinachoshindwa ni wasia. Ogani inazidi kupanda, ala za kupuliza zinarudi lakini si kwa maziko tena, ngoma inafunguliwa yote, na Redding anaachana na maneno ya wenyewe na kuingia katika vipande vya silabi, kukatakata na kusihi. Upole uliokuwa nasaha umekuwa dai, tena dai la mtu asiye na muda.

Nauliza tena: nani mtunzi wa kazi hii? Karatasi za haki zinasema Campbell, Connelly na Woods, na hao walitoa maneno na mahadhi. Heshima yao wapewe. Lakini mgongano wa wasia na saa, ambao ndio maana ya kazi kama tunavyoisikia, ulitungwa kwa fimbo mbili. Kuna atakayesema kwamba nimeisahau sauti ya Redding. Sikuisahau. Nasema tu kwamba sauti hiyo isingekuwa na la kushindana nalo kama Jackson angelipiga kama alivyotarajiwa.

Kuna jibu jingine ambalo hupendwa sana upande huu wa bahari, nalo ni kwamba sauti hii ni Afrika iliyovushwa. Kiitikio, ukariri, ngoma, vyote husemwa kuwa ni vyetu. Sina ugomvi na historia. Waliopelekwa Mississippi na Tennessee kulima pamba walitoka bara hili, na walikwenda na masikio yao. Mwezi Machi 1971 The Staple Singers, waliokuwa wakirekodi na Stax, waliimba Accra katika tamasha la "Soul to Soul", na haikuwa ajabu kwamba walipokewa kama ndugu. Lakini asili haielezi kazi. Cropper na Dunn walikuwa wazungu, na mwenye nyumba alilelewa na fidla ya kantri. Damu ikiwa ndiyo hoja, itatubidi tuwatoe wawili katika wanne wa kikundi, kisha tueleze kwa nini sauti imepotea. Haya yalitokea katika mji ambao sheria na desturi zake ziliwatenga watu kwa rangi. Hoteli ya Lorraine, ambayo Cropper na Pickett waliandika "In the Midnight Hour" ndani yake, ilikuwa miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo mweusi na mweupe waliweza kuketi pamoja kufanya kazi. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King, aliyekuja kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, aliuawa kwa risasi katika hoteli hiyohiyo. Otis Redding alikuwa amekwisha kufa, tarehe 10 Desemba 1967, ndege yake ilipoanguka katika ziwa la Monona, Wisconsin, pamoja na wengi wa vijana wa The Bar-Kays. Chumba cha McLemore kiliendelea kufanya kazi, lakini hakikuwa kilekile.

Dai langu lina mipaka, na ni haki kuionyesha. Pickett alipoondoka Stax na kwenda Muscle Shoals mwaka 1966 hakudhoofika. Alipata kikundi kingine cha nyumba na kuvuma vilevile, ingawa kwa ukali mwingine. Isaac Hayes, aliyekuwa mtunzi wa nyuma ya pazia pamoja na David Porter, alitoa "Hot Buttered Soul" mwaka 1969, santuri yenye nyimbo nne tu, mmojawapo ukipita dakika 18 kwa sababu mwimbaji anasimulia hadithi ndefu kabla ya kuimba. Msimulizi huyo angestahili makala yake mwenyewe. Hapa natosheka kusema kwamba fidla zake ziliongezwa Detroit, na bado hakuna aliyediriki kuiita santuri hiyo kazi ya Detroit. Hayo yote yanaonyesha kwamba mwimbaji mkubwa aweza kuhama, na kwamba chumba si gereza.

Hata hivyo tazama yaliyotokea upande wa pili wa mji, katika studio ya Royal ya kampuni ya Hi, ambayo nayo ilikuwa sinema kuukuu. Huko Willie Mitchell alimfundisha Al Green kuishusha sauti mpaka ikawa karibu na kunong'ona, akamzungushia wapigaji wake: ndugu watatu wa jamaa ya Hodges katika gitaa, besi na ogani, na Howard Grimes katika ngoma. Green na Redding hawafanani kwa lolote. Redding husihi mlangoni, Green ameshaingia ndani. Lakini sikio linasema ni mji mmoja, na sababu yake haiko mbali. Katika santuri za Green ngoma zilipigwa mara kwa mara na Al Jackson yuleyule, na jina lake limo pamoja na ya Green na Mitchell katika utunzi wa "Let's Stay Together", wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1972. Aliuawa mwezi Oktoba 1975. Stax ilifungwa kwa kufilisika mwezi Desemba mwaka huohuo.

Imebaki habari ya haki, na hapa uhakiki haukwepi sheria. Sheria ya utunzi ilimtambua mwenye maneno na mwenye mahadhi. Mwaka 1962 wapigaji wa Stax walitoa "Green Onions", wimbo usio na neno hata moja, na watunzi wake wametajwa wanne: Jones, Cropper, Steinberg na Jackson. Watu hao walipofanya kazi ileile nyuma ya mwimbaji mwenye maneno, maneno yaliwameza. Katika "In the Midnight Hour" watunzi ni Pickett na Cropper; aliyekisogeza kipigo kwa ngoma hayumo. Detroit ilikuwa na mkono mzito zaidi, kwani hadi "What's Going On" ya Marvin Gaye mwaka 1971 majina ya wapigaji wa nyumba hayakuwa yakichapwa katika majalada ya Motown. Na wenye nyumba nao walimezwa. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1965 uliipa Atlantic kanda asilia za santuri ilizozisambaza, na Stewart hakukitambua kifungu hicho mpaka Atlantic ilipokwisha kuuzwa na Stax ikataka kujitenga, mwaka 1968. Kazi za Redding na za Sam na Dave zikawa mali ya wengine. Sam na Dave wenyewe, waliokuwa wameazimwa tu, walirudishwa Atlantic, na hawakupata tena wimbo uliovuma kama "Soul Man".

Katika daftari zetu za ukusanyaji pana mstari mmoja wa mtunzi, na mara nyingi sana tumeujaza kwa neno "jamii". Neno hilo lina heshima yake pale palipo na ushahidi. Penginepo ni jina la adabu la kutouliza. Ukimuuliza mzee aliyeshiriki ngoma nani aliubadilisha mgongo wake, au ni lini goma la pili lilianza kuchelewa, mara nyingi atakutajia mtu, na mtaa wake, na ugomvi uliotokea siku ile. Ningependa idara ianze kwa kuuongeza mstari huo: aliyetoa maneno, aliyetoa mahadhi, aliyeshika ngoma, na mahali walipokuwa wakikutana kufanya mazoezi. Na kanda ya sauti iwekwe pamoja na karatasi, maana jumba la McLemore lilibomolewa mwaka 1989, na lililofunguliwa mahali pake mwaka 2003 kama makumbusho lilijengwa upya kwa kufuatisha la zamani, pamoja na mteremko wa sakafu yake.